Beringi Mbili Kwenye Friza

Jumatatu, 3 Juni

Nimeamua. Beringi inatoka.

Haijaharibika. Ndiyo maana inatoka. Nimesoma kuhusu gari langu hili la spoti, viti viwili, injini nyuma, kwamba ndani ya injini kuna beringi moja ndogo, ukubwa wa bangili ya mtoto, ambayo hufa bila kuaga. Ikifa, gololi zake hutawanyika na injini nzima inageuka chuma chakavu. Wenye akili huibadilisha ingali nzima. Mimi nina akili.

Halafu kuna Jumamosi. Baba mkwe anatoka hospitali ya macho na nimejitolea kumrudisha nyumbani. Mke wangu ameuliza kwa nini asiletwe na mwanyumba wangu, yaani mume wa dada yake, mwenye gari la milango minne na kiyoyozi. Nimekataa kwa sauti iliyonishtua hata mimi. Miaka kumi na moja nimeoa nyumba ile. Mwanyumba huitwa "mwanangu". Mimi huitwa "yule wa kigari". Inaniuma, sitaidanganya shajara yangu mwenyewe. Mzee alikereza vyuma kiwandani miaka arobaini. Anajua injini nzuri akiisikia. Jumamosi ataisikia kwa dakika arobaini, tukiwa wawili tu.

Jumanne, 4 Juni

Fundi ameshusha giaboksi, klachi na vitu vingine ambavyo havikuonekana kupenda kushushwa. Nilimwonya kwamba akiiona beringi yenyewe ataogopa. Mwanyumba akapita, mikono mfukoni, akauliza kwa nini tunampasua mtu asiyeumwa. Fundi akacheka. Nimemkumbusha anamfanyia nani kazi.

Saa tisa ikatoka. Nzima. Fundi aliizungusha kidoleni ikazunguka kimya, laini, kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Mwanyumba akanipongeza kwa kuliokoa gari kutoka kwa beringi nzuri.

Siku mbaya. Sikumaliza chakula.

Jumatano, 5 Juni

Nimeamka na jibu. Wakiiona beringi mbovu, nani atajali ya jana?

Nimechota kijiko cha mchanga kwenye chungu cha maua cha mke wangu, nikaitia beringi ya zamani, nikaizungusha dakika ishirini. Ikaanza kulia vizuri sana. Jioni nimemwita mwanyumba aisikilize. Nimemweleza kwamba beringi za aina hii huficha ugonjwa zikiwa ndani ya injini, zikipumzika siku moja nje ndipo hali yake hujulikana. Ameizungusha. Amenitazama. Ameuliza mbona inatoa mizizi. Nimesema ni kutu.

Amejifuta vidole, akaondoka. Ushindi huo. Nimeiacha beringi juu ya kitambaa cheupe cha meza, mahali pa heshima.

Mpya nayo nimeiweka friza, karibu na kuku. Ni agizo la fundi: chuma kikipata baridi husinyaa, kikaingia mahali pake bila kupigwa nyundo. Mke wangu ametaka kujua kwa nini kuku wake alale na chuma. Nimemjibu kwamba hiyo ni sayansi. Ameuliza hiyo sayansi itakula nini Jumapili.

Alhamisi, 6 Juni

Leo ndiyo leo. Fundi alikuwa ananisubiri gereji, na mke wangu naye alinisubiri mlangoni. Amesema ule uchafu alioukuta juu ya kitambaa chake ameusugua kwa sabuni na brashi mpaka ukang'aa, akauweka friza pamoja na mwenzake, maana hajui vyuma vya nyumba hii hulala chumba kipi. Mke mwema, akiacha kununa.

Hakuna shida. Nimefungua friza nikakuta beringi mbili. Moja inang'aa kama sufuria ya wageni. Nyingine imejaa grisi nzito ya kahawia mpaka imempaka kuku. Mtu mwingine angebabaika. Mimi si mtoto, kitu kipya nakijua. Nimechukua inayong'aa, nikaifunga kwenye taulo na kukimbia nayo kabla haijapata joto.

Fundi ameuliza kama nina hakika ndiyo mpya, maana inanukia sabuni. Nimemwambia viwanda vya siku hizi ni visafi, pengine angejifunza kwao. Ameiingiza. Imeingia yenyewe, bila nyundo. Nilitaka kulia.

Ijumaa, 7 Juni

Gari limewaka. Kuna kasauti. Fundi anasema ni kubwa. Nimemweleza kwamba beringi mpya lazima izoee nyumba. Anataka afungue tena. Mafundi hawa, ukiwaachia watafungua mpaka redio.

Mke wangu amependekeza mwanyumba atufuate kwa nyuma kesho, kwa tahadhari tu. Nimekataa katakata. Mchana wote nimefanya mazoezi ya kumfungulia mzee mlango.

Jumamosi, 8 Juni

Mzee alitoka na bandeji machoni. Nikamfungulia mlango vizuri, nikamkunja kidogo ili aingie. Akanipa saa yake ya mkono nimshikie, akalalamika kwamba inachelewa dakika kumi kila siku. Nikaitia mfukoni. Tukaondoka.

Dakika ya sita akainua kichwa. Akasema kuna mchanga kwenye beringi. Nikamwambia kwa adabu zote kwamba haiwezekani, Baba, ni mpya ya juzi. Akainamisha sikio kuelekea nyuma, akanishika mkono na kusema nizime injini. "Zima, mwanangu, zima."

Mwanangu!

Miaka kumi na moja. Macho yalinijaa machozi, kifua kikajaa, na mguu nao ukajaa. Nikakanyaga mafuta.

Ikapiga kelele moja tu, kama kabati la vyombo lililoanguka. Kisha kimya. Tukaserereka mpaka kando ya barabara, moshi ukitufuata. Na mwanyumba pia akitufuata, kumbe, magari matatu nyuma yetu, kiyoyozi kikiwa kimewashwa. Mke wangu nitazungumza naye.

Mzee alihamia gari la mwanyumba kwa kupapasa. Nilimsikia akimwambia, "Twende, mwanangu, mwache yule wa kigari."

Nilikaa kwenye ukingo wa barabara nikalia kweli.

Jumapili, 9 Juni

Fundi amefungua. Gololi ziko kila mahali na injini imekwisha. Ameuliza mchanga umeingiaje ndani ya beringi mpya. Nimesema ni uzembe wa kiwandani. Kwa vyovyote vile nilikuwa sahihi: beringi hizi hufa, nilisema tangu Jumatatu.

Nyumbani nikafungua friza kumtoa kuku. Beringi ya zamani bado ipo pale na grisi yake, ile niliyoiua kwa mkono wangu Jumatano. Nikaiacha ipate joto, nikaizungusha.

Kimya. Laini. Hakuna hata chembe ya mchanga.

Nikaizungusha tena. Siku tatu tu za baridi na imepona kabisa! Fundi hajui jambo hili. Mwanyumba hajui. Pengine duniani najua mimi peke yangu.

Saa ya mzee bado iko mfukoni mwangu. Nimemhamishia kuku pembeni, nikaiweka saa katikati, penye baridi kali zaidi. Jumatano naipeleka ikiwa imepona. Ataniita mwanangu, na safari hii sitakanyaga mafuta.