Msemaji wa Posa ya Scola

Jumanne, 8 Julai 2025
Maisha yangu yamegeuka! Feliksi wa Katubuka, Mrundi mwenzangu, ameniteua kuwa msemaji wa familia siku ya posa ya bintiye, Scola. Mimi, Ntirampeba, niliyevuka mpaka kutoka Burundi na godoro kichwani, niliyebeba magunia ya dagaa bandarini Kibirizi hata shingo ikapotea! Kwaherini magunia. Baada ya posa hii kila Mrundi mwenye binti atanitafuta, na Waha, wenyeji wa hapa, watafuata. Jeremia, mshereheshaji wa hapa Gungu mwenye spika kubwa na miwani ya jua, atafute kazi nyingine. Mke wangu, Inamahoro, ameuliza kama wasemaji hununua unga. Hana maono.

Alhamisi, 10 Julai
Nimefanya mazoezi mbele ya mbuzi. Kwetu posa ina utaratibu wake. Wageni wakiomba binti, msemaji hukana: hakuna binti hapa, mmepotea njia! Wageni hung'ang'ania, hutania, huomba tena. Msemaji hukana kwa ukali zaidi. Wakiomba mara ya tatu, hukubali, na vigelegele hupigwa. Mbuzi aliondoka nilipokana mara ya kwanza. Dalili njema!

Jeremia alipita na bodaboda, akauliza, "Mzee, mbuzi naye anaolewa?" Kisha akanishauri niwaeleze wageni mapema, kwa kuwa Oswald, mchumba wa Scola, ni mtu wa Singida, na wazee wake hawazijui mila zetu. Wivu tu!

Jumamosi, 12 Julai
Ushindi! Nadhani. Wazee wa Oswald walifika kwa bajaji, wakiongozwa na mjomba wake, Mzee Adolf. Wakasema kwa upole kwamba wamekuja kumwomba Scola. Nikasimama. Koti la kuazima likachanika kwapani, sikujali. Scola yupi? Nyumba hii haijapata kuzaa msichana! Mzee Adolf akauliza kwa woga kama hapa si kwa Feliksi. Rudini mlikotoka! Sauti yangu ilifika barabarani. Akaomba radhi. Wakabeba kreti zao za soda, wakapanda bajaji, wakaondoka.

Nikapiga makofi. Mafundi wa kuigiza hawa! Tukawasubiri warudi kuomba mara ya tatu. Pilau likapoa. Jioni Oswald akampigia Scola simu huku analia: wazee wanaondoka na treni ya kesho, na wamesema ukoo wao hauoi mahali ulipofukuzwa. Scola akajifungia chumbani. Feliksi akaniuliza kama napenda kurudi Kibirizi kwa miguu au kwa teke.

Jumapili, 13 Julai
Nimekwenda stesheni na Scola kuiokoa posa. Nikamwagiza abaki nyuma yangu, maana utaratibu hautaki binti aonekane. Mzee Adolf alikuwa ameketi juu ya sanduku, anamenya chungwa. Nikamwarifu kwamba sasa niko tayari kupokea ombi lake la tatu. Akasema hana ombi. Nikamkumbusha kwamba zamu ni yake. Akashangaa: "Ndugu yangu, jana umetufukuza nyumbani. Leo umetufuata utufukuze na stesheni?"

Honi ya treni ikalia. Scola akanisukuma kando, akapiga magoti. "Shikamoo, Baba. Scola ndiye mimi. Nipo, na Oswald nampenda. Kwetu shughuli huanza na hapana. Huyu mzee amesahau kuwaambia."

Mzee Adolf akacheka hata chungwa likamwanguka. Wakateremsha masanduku yaliyokwisha kupakiwa. Posa ikakubaliwa palepale, katikati ya wapagazi, bila mimi kutia neno! Nimeumia. Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri sana.

Jumatano, 16 Julai
Feliksi amempa Jeremia shughuli ya harusi. Haidhuru! Jina langu limefika Ujiji. Nani mwingine amewahi kuuondoa ukoo mzima kwa pumzi moja? Na leo, mteja! Jirani yetu, Mama Veneranda, Jumamosi anapokea wazee wa kijana mlevi anayemtaka bintiye, Esther. Mama hamtaki, Esther hamtaki. Amenisihi, "Mzee Ntirampeba, wafukuze kama ulivyowafukuza wale. Wasirudi!"

Nimekubali kwa moyo wote. Inamahoro amesema hatimaye nimepata kazi ninayoiweza. Kazi! Hata koti nimelishona.

Lakini mimi si mtu wa kurudia kosa. Nimelitafakari, na nimeligundua: niliwaacha wageni wafike mbali mno. Safari hii nitakana mara mbili, kwa ukali wote, kisha nitaikimbilia bajaji kabla haijawaka na kuwakubalia posa mimi mwenyewe. Mama Veneranda atalia kwa furaha!