Mnyaa Uliotoka Ng'ambo kwa Ndege

Kiangazi kilipoingia mwezi wake wa tano na mabomba yakabaki kukohoa upepo, bustani za mtaa ule zilikauka zote. Mtaalamu akanusa riziki. Alikuwa Mtaalamu tangu Jumatatu. Wiki iliyotangulia, mtaa wa pili, alikuwa Mhandisi.

Nyuma ya machinjio palikuwa na ua wa mnyaa, kijani kibichi kana kwamba habari za ukame haujazisikia. Akakata vijiti gunia zima, akavifunga utepe mwekundu, akavibatiza "zumaridi ya jangwani".

Mlango wa kwanza kufunguliwa ulikuwa wa mkunga mstaafu.

"Shikamoo, mama. Mmea huu haujui kiu. Unachomeka, unasahau, mwaka mzima kijani. Umetoka ng'ambo kwa ndege."

Mama akakitazama kijiti, kisha akamtazama mwenye kijiti.

"Marahaba, mwanangu. Kwa ndege kabisa! Basi nipandie upande wa barabarani, majirani waone. Wakiona, watataka wote."

Mtaalamu alishawaona majirani wamepanga foleni. Akavua koti, akaomba jembe. Udongo ulikuwa mgumu kama sakafu, lakini tamaa nayo ina misuli yake. Kufika saa sita, safu ya vijiti ilitoka geti hadi kona. Jasho likimtiririka, akajifuta uso kwa kiganja kilekile kilichovunja vijiti. Utomvu mweupe ukaingia machoni.

Aliyoyatamka hapo hayaandikiki.

"Usifikiche!" Mama akamdaka kichwa kwa mikono iliyozoea watu wanaopiga mayowe, akamlaza barazani, akammiminia maji machoni: ndoo ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akamfunika kitambaa kibichi. "Tulia. Jioni utaona."

Mayowe yaliwaleta majirani. Mtaalamu, gizani mwake, akasikia gunia likifunguliwa.

"Huu ni mnyaa tu, jamani," alisema mama. "Hautaki maji, hilo kweli. Ila utomvu wake moto. Vaeni glavu, watoto wakae mbali. Anayebisha amwangalie huyu."

Wakamwangalia. Mmoja akainua kitambaa apate kuona vizuri.

"Duh! Basi hata mwizi hapiti hapo. Nipe kumi!"

"Mimi ishirini!"

Mtaalamu alikuwa amedanganya watu kwa ufasaha miaka kumi na mmoja, na hajawahi kuona uongo wake hata mmoja ukigombaniwa hivi. Iliuma kuliko macho.

Jioni macho yakafunguka. Gunia lilikuwa tupu, na mama alikuwa akihesabu noti.

"Mama," alisema kwa unyonge, "na mgao wangu?"

"Mgao gani tena, mwanangu? Ndoo tatu zile zilikuwa maji yangu ya wiki nzima."

Mtaalamu akainuka barazani. Akachukua koti lake, akatoka getini kwa ubavu, mikono juu, asije akaugusa ua alioupanda mwenyewe.