Sirili Mpima-Kahawa na Mgeni Aliyepewa Kihamba Ndani ya Kompyuta

Sogeeni, enyi wana wa mlima na wa tambarare, ninyi wa Kilema mnaoamka na kuiona migomba kabla ya jua, na ninyi wa Kahe mnaolala mkisikiliza mifereji. Na ninyi wa Old Moshi sogeeni pia, ingawa mna tabia ya kusema mmekwisha kusikia. Hamjasikia. Hapa hapasimuliwi vita vya wamangi, watawala wetu wa kale, wala chui aliyebeba mbuzi wa parokia, maana hayo ni madogo. Hapa panasimuliwa siku ambayo Sirili wa Mlaki, Mpima-Kahawa Asiyepunja, Mwenye Kofia ya Kijivu, aliingiza programu mpya ndani ya kompyuta ya nyumbani kwake, kwa mkono wake mwenyewe, mkewe akishuhudia. Anayetaka kucheka atoke nje akacheke na kuku.

Jueni kwanza huyu Sirili ni nani. Ujana wake wote na utu uzima wake alisimama nyuma ya mzani wa chama cha msingi cha ushirika, na mkulima alipotua gunia, Sirili alisoma kipimo kwa sauti ya padri asomaye injili, wala hakuna mtu, aliye hai au marehemu, aliyewahi kusema kidole cha Sirili kiligusa sinia. Kisha likaja neno, na neno lenyewe lilikuwa huria. Soko huria, wakatangaza wakubwa redioni. Wanunuzi wakaukwea mlima na magari yao na mizani yao, mizani yenye tabia zake, na mzani wa Sirili ukatupwa stoo ukaliwa na kutu, na majirani wakang'oa mibuni wakapanda nyanya. Siku hiyo Sirili aliapa mbele ya mkewe kwamba neno huria halitavuka kizingiti chake maadamu yeye yu hai. Mkewe Mektrida, Mama Doris, Mshika-Mwiko Asiyetetereka, alimwambia sawa, anawe mikono, mtori unapoa.

Mashine iliyoleta makuu haya ilikuwa mtumba, kama makoti ya soko la Memorial, na ubavuni ilikuwa bado na kibandiko cha shule fulani ya Ulaya. Doris, binti yao pekee, muuguzi huko Mbeya, aliwanunulia ili baba yake apate kitu cha kugombana nacho zaidi ya redio. Alipata. Programu iliyoiendesha ilikuwa ya kulipiwa ambayo hakuna aliyeilipia, na kila asubuhi iliandika kwenye kioo kwamba nakala ile huenda ni ya wizi. Mtu ambaye hakuwahi kupunja mkulima hata punje moja alikuwa anaitwa mwizi sebuleni kwake, kabla hajanywa chai. Alivumilia.

Na huyo Doris ana mtoto, Ruth, na hapa mwandishi wa habari hizi anaomba utulivu. Ruth alikuwa amefika umri ule wa watoto kuchosha watu kwa maswali, naye hajatamka neno hata moja. Anasikia, anacheka, anatumwa kikombe anakileta, kusema, hasemi. Babu yake akipiga simu Mbeya huwekewa mtoto sikioni, na kinachorudi ni pumzi tu, na Sirili huongea peke yake mpaka salio liishe. Nje ya kanisa, misa ikiisha, walikuwapo wanawake waliomuuliza Mektrida habari za mjukuu kwa ule upole ambao afadhali mtu akutukane.

Basi siku moja, mbele ya kamera ya kuazima, Ruth alisema. Alisema mara moja, akafunga kinywa, asiseme tena. Doris alipokuja Kilema kwenye msiba wa shangazi yake alikibeba kipande kile cha video kwenye flashi, akakihamishia kwenye kompyuta ya wazazi wake. Akiwa ndiyo anataka kukifungua, umeme ukakatika, na alfajiri ikamkuta yuko njiani anarudi kazini. Hakuwaambia mtoto alisema nini. Alitaka wasikie wenyewe.

Lahaula! Ndani ya flashi ileile, kiti kimoja na sauti ya mtoto, alikuwa amepanda adui. Virusi. Umeme uliporudi mashine iliwaka, ikaandika Kiingereza kingi kisicho na adabu, ikazimika. Ikawaka tena, ikazimika tena, kama mtu anayeota ndoto mbaya. Doris aliulizwa kwa simu kama anayo nakala nyingine. Kamera ilikwisha kurudishwa kwa mwenyewe na kufutwa, na flashi vilevile. Katika dunia nzima, sauti ya Ruth ilikuwa mahali pamoja tu, ndani ya lile sanduku lenye kibandiko, chini ya kitambaa alichokifuma Mektrida.

Sirili akalifunga sanduku kwa kamba ya katani, akashuka nalo mjini Moshi hadi kwa Wenseslaus, fundi, Mfuta-Vyote, Bwana wa Bisibisi. Wenseslaus aliitazama mashine kwa muda wa kupiga chafya, akasema dawa ni kufuta kila kitu na kuweka upya. Sirili akamuuliza, na sauti ya mtoto je? Fundi akajibu kwamba mzee asiwe na wasiwasi, mtoto si yupo, atarekodiwa nyingine. Alilifunga tena sanduku lake kwa kamba, akalibeba begani kama aliyetoa maiti vitani, na mbele ya msimamizi wa stendi na akina mama wauza ndizi aliapa kwamba mashine ile haitashuka tena mjini kwenda kudhalilishwa.

Akiwa na sanduku begani alipita dukani kwa Anusuya, mke wa Ramnik na mama wa Pratik, Mlinzi wa Bahasha, Malkia wa Wino, ambako miaka mingi alinunua karatasi za kaboni za chama. Anusuya alimkalisha, akampa chai ya tangawizi, akasikiliza kisa chote bila kumkatiza. Kisha alifungua saraka akatoa diski iliyo ndani ya bahasha ya karatasi. Alisema imemfikia kwa posta kutoka ng'ambo, hakudaiwa hata shilingi, na tangu aiweke kwenye mashine za dukani virusi vimemsahau.

"Ni programu huria, Mzee," alisema.

Sirili akatua kikombe, akavaa kofia yake. Waliokuwapo wanasema hata kinyozi wa jirani alizima mashine yake.

"Mama Pratik," alisema Sirili, "tumejuana tangu nywele zangu nyeusi. Neno hilo lilinikuta na mzani, likaniacha na kutu. Liliwakuta watu na mibuni, likawaacha na nyanya. Leo unataka nilibebe mfukoni niende nalo kwa mke wangu, niliyemwapia? Nitavuka nalo kizingiti kwa mguu gani?"

Anusuya alikuwa amezaliwa Moshi, na kahawa ilipoanguka na duka lake lilichechemea, kwa hiyo hakumcheka.

"Sikia, Mzee. Hii wameitengeneza watu wengi, kila mmoja yuko kwake. Huyu analeta kipande chake, yule analeta chake. Ikiharibika wanaitengeneza pamoja. Hakuna anayeificha, na ukishaipata unaruhusiwa kumpa jirani. Wewe kitu cha namna hiyo unakiitaje?"

Sirili alifikiri mpaka chai ikaweka utando.

"Ushirika," alisema.

"Basi ndiyo hiyo."

"Mwenyekiti ni nani?"

"Wako wengi, na wanagombana."

"Ni ushirika kweli," alisema Sirili, akaipokea diski kwa mikono miwili.

Anusuya akampa na maelekezo. Awashe mashine diski ikiwa ndani. Programu itaingia kwanza kama mgeni, itakaa bila kugusa kitu cha mwenyeji. Ikimpendeza aipe nafasi. Lakini ajihadhari, maana itauliza kama ichukue tumbo zima la mashine, na atakayekubali hilo atapoteza yote, na mtoto pia. Akamsihi amwachie sanduku palepale, yeye mwenyewe ataitoa ile video kwanza, kisha mengine yafuate. Hapo ndipo ukaidi wa mashujaa unapoonekana. Sirili alishukuru, akasema mashine imekwisha kuapiwa, akapanda nayo mlima.

Ikafika Jumapili, misa imekwisha, ndizi zimeliwa, mlima umejifunika mawingu yake ya mchana. Sirili alivaa koti la harusi za watu wengine, akaketi mbele ya kioo. Mektrida alileta maji ya baraka ya misheni akanyunyizia sanduku, kidogo tu, kwa sababu ya umeme. Diski ikaingia. Mashine ikanguruma, ikatafakari, na badala ya Kiingereza kisicho na adabu ikatandaza mbele yao orodha ya lugha za ulimwengu, wachague.

Kiswahili kilikuwamo. Mektrida akauliza kama na Kichagga kimo. Wakatafuta juu mpaka chini, hakimo, na Mektrida akasema hao washirika wenyewe basi bado hawajakamilika. Sirili akachagua Kiswahili, na ijapokuwa nusu ya maneno yalibaki Kiingereza kama nyumba iliyoishiwa bati, aliweza kusoma njia.

Mgeni akakaa. Hakugusa kitu, hakumwita mtu mwizi. Sirili akafungua chumba kimoja cha mashine, akafungua cha pili, na ndani yake wakaiona, picha ndogo ya mtoto mwenye gauni la njano. Akaibonyeza. Ruth akatokea amekaa mkekani. Alikwenda kwa kukwamakwama, maana mgeni alikuwa anaishi kwenye diski na mahali palimbana, na sauti haikutoka kabisa. Wakamwona mtoto anageuza uso. Wakaona midomo yake inafunguka, inafanya kitu, inafunga.

"Amesema, Baba Doris," alisema Mektrida. "Amesema na sijasikia."

Sasa hapakuwa na njia ila kumpa mgeni mahali pake, apate nafasi ya kupumua. Sirili akabonyeza, na swali alilotabiriwa likaja: je, tumbo zima, au ligawanywe? Kioo kikachora tumbo la mashine kama ukanda mrefu, na katikati yake kijiti cha mpaka ambacho mtu angeweza kukisogeza kwa kipanya, kushoto au kulia.

Sirili alicheka, mara ya kwanza tangu msiba. Kumbe ni kihamba, shamba la ukoo! Nani mlimani hapa hajui kugawa kihamba? Yeye mwenyewe alikigawa cha marehemu baba yake, akasimamia masale yakipandwa mpakani, na hakuna ndugu aliyekwenda kulalamika kwa balozi. Kisha kicheko kikamwisha, kwa kuwa kugawa ni jambo moja, na kusogeza mpaka mtu akiwa ndani ya shamba ni jambo jingine, tena ni dhambi, na mtoto alikuwa ndani ya shamba.

Mektrida akasimama nyuma yake.

"Baba Doris," alisema, "ukimpoteza huyo mtoto humo, sitasema kitu. Lakini sitasema kitu mpaka nakufa."

Shujaa alivua koti. Akasimama, na kwa sauti ileile ya siku za mzani akazihutubia programu mbili, akisema: "Wewe wa zamani, ingawa umenitukana, sikufukuzi. Kaa upande wa juu. Mjukuu wangu yuko kwako, usimguse. Na wewe mgeni, mwana wa ushirika, nakupa upande wa chini, ujenge, uwashe moto wako. Ugonjwa wa mwenzako usiuvushe mpaka. Mimi Sirili nimegawa, na mke wangu ameona."

Akashika kipanya. Akakisogeza kijiti polepole, kama anayepita na taa penye petroli, akakirudisha kidogo, akakisogeza tena, akakubali. Mashine ikaanza kazi. Ilikuna, ikanong'ona, ikanyamaza kwa muda mbaya sana, ikakuna tena. Mektrida alisali rozari yake akapotea njiani akaanza upya. Sirili hakukaa. Alikuwa anaomba jambo moja tu, umeme usikatike, na umeme, kwa sababu ambazo mwandishi hazijui, haukukatika.

Ikaandika kwamba imemaliza. Ikajizima, ikajiwasha, haikuzimika tena. Sirili akaenda mpakani, akachungulia upande wa juu, akafungua chumba kwa chumba. Gauni la njano lilikuwapo.

Akabonyeza. Ruth alikuwa mkekani, anakula andazi, na safari hii andazi lilisikika. Ikasikika sauti ya Doris ikimwambia amsalimie babu. Mtoto akatafuna. Akatazama pembeni, akatazama kamera, akafikiri kama mtu mzima.

"Shikamoo babu," alisema Ruth.

Sirili akasimama wima. "Marahaba," akasema. "Marahaba, mama yangu. Hujambo?" Akangoja jibu kama ilivyo desturi, na hapo kipande kilikuwa kimekwisha, na Mektrida analia waziwazi bila kujificha na kanga.

"Irudishe," alisema.

Akairudisha. Mtoto akaamkia, Sirili akaitika, kwa sauti kamili. Wakairudisha tena, akaitika tena. Mektrida, akifuta macho, akamkumbusha kwamba hiyo ni picha tu, na amekwisha kuitika.

"Mama Doris," alisema Sirili, "mtoto akikuamkia leo, utamwambia ulimwitikia jana?"

Andikeni basi, enyi waandishi wa tarehe, wekeni kalamu palipo na wino. Siku hiyo, Kilema, bila bunduki, bila wakili, bila hata fundi, mpaka ulisogezwa na hakuna aliyedhulumiwa; mgeni alipewa kihamba akajenga siku hiyohiyo; ushirika ulirudi nyumbani kwa Sirili kwa mlango wa mbele. Na mjukuu alimwamkia babu yake, na babu yake akaitika.