Pampu Iliyonukia Udi

Jumatatu, 12 Mei 2025
Mimi nilizaliwa na bahati. Nikidondoka mnazini natua juu ya godoro. Leo dada Shufaa kaamua: Jumamosi mwanawe Yunus anaoa Kaole, na gari la kumpeleka ni langu mimi, mjomba mtu! Abdulazizi, baba mdogo wa Yunus, kanuna kama kala ndimu. Ana gari aina moja na langu, ila halina mjomba ndani.

Sharti moja tu. Gari langu linavuja maji, kwa hiyo dada kaninunulia pampu ya maji orijino, ndani ya boksi lake. Kaifukiza udi, kaisomea dua. Kaniambia, kaka Abdala, usiniaibishe mbele ya wakwe.

Mimi! Nimwaibishe!

Jumanne, 13 Mei
Nimefikiri sana. Hatari. Pampu inakaa chini ya boneti, nani ataiona? Joho linakaa mwilini. Linaonekana mpaka Mbegani.

Nimekwenda kwa Shamsudin, duka la spea. Kachukua orijino, kanipa kopi na chenji. Kaapa ni mapacha, wametofautiana jina la baba tu. Boksi nimebaki nalo, kopi nimeitia humo. Kwa akili hii, ningepita darasa la sita ningekuwa waziri.

Kwa chenji nimenunua joho jeusi, tarizi za dhahabu. Allah!

Alhamisi, 15 Mei
Fundi Bilali kaipima pampu mkononi. Nyepesi kama biskuti. Kauliza, mjomba, boksi la nani hili? Nikamwambia afunge nati zote, pamoja na ya mdomo wake.

Kumbe Abdulazizi naye yupo gereji. Eti kaokota pampu orijino kwa Shamsudin, imefungwa gazeti, bei ya kutupa. Orijino ndani ya gazeti! Nilicheka njia nzima. Nilipofika nyumbani nikaacha kucheka.

Jumamosi, 17 Mei
Tumetoka baada ya Adhuhuri. Mimi na Yunus mbele, joho limejaa viti viwili. Dada nyuma yetu, gari la Abdulazizi. Kabla ya Kaole mshale wa joto ukapanda. Moshi! Nikafungua rejeta kwa pindo la joho. Pindo sasa ni marehemu.

Maji hakuna. Shangazi Mardhiya, kiti cha nyuma, alipakata chupa tatu za marashi ya mawaridi, za kuwanyunyizia wakwe. Nikampokonya, nikamimina zote. Boneti ikafuka harufu ya bibi harusi. Gari likakohoa, likanyamaza. Yunus akapiga kelele: mjomba, shekhe ananisubiri!

Abdulazizi akasimama. Badala ya kutusaidia akafunua boneti yake, tuione pampu ya wanaume. Udi ukatupiga puani. Dada akanusa. Udi kauchanganya mwenyewe, ataukosaje? Akanitazama. Akamshika mwanawe mkono, akampandisha gari la Abdulazizi.

Nikabaki na joho langu. Mbuzi mmoja akaja kulinusa.

Jumapili, 18 Mei
Nimekwenda kuomba radhi. Dada kanipakulia pilau, paja la kuku juu. Kasema ndoa imefungwa. Pampu yangu, kaka, imemfikisha mwanangu. Aliyebaki njiani ni wewe. Nililia kidogo. Nikaongeza pilau.

Bilali anasema gasketi imeungua. Dada, moyo wake huo, kaahidi kuninunulia pampu nyingine, orijino. Shamsudin naye kaninong'oneza: kopi anayo, mapacha kabisa.

Nimemwambia aniwekee. Joho linataka pindo jipya.

Na ile bahati niliyoandika Jumatatu, ni uongo. Sina. Sijapata kuwa nayo. Godoro ni dada.