Busu Tuliloziba kwa Kofia

Jamani, leo nimejiumbua. Sikusingiziwa, sikusukumwa, sikulewa. Nimejiumbua kwa mikono yangu miwili, mchana kweupe, mbele ya wakwe. (Waliokuwa wawe wakwe. Nitafika hapo.)

Najua mlikuwa mnangoja barua ya filamu. Ndiyo kawaida yetu sisi wanne tangu tulipoachana Nairobi baada ya ile kozi ya ukarani: mmoja wetu akiona filamu nzuri ya nchi za nje, anawaandikia wenzake. Barua iliyopita niliwasifia ile ya Chekoslovakia mpaka karatasi ikaisha. Ile ya mzee mgonjwa kule milimani. Basi leo nimeionyesha hapa Kisii. Kaeni kitako.

Kwanza mjue nilikuwa nawania nini. Bosibori. Yule mpiga taipu niliyewaandikia habari zake, anayecheka huku amefunika mdomo. Mimi na yeye tulikwisha kuelewana. Mama yake alikwisha kukubali. Aliyebaki ni baba yake, Mzee Makori wa Itumbe, mkulima wa majani chai na mzee wa kanisa, mtu ambaye sijawahi kuyaona meno yake. Alikuwa hana neno nami isipokuwa moja tu: sinema. Alikuwa amesikia kwamba huko watu hupigana bastola na kunyonyana midomo.

"Mimi siwezi kupeana msichana kwa mtu wa picha," alimwambia bintiye. "Kwanza nione hiyo picha na macho yangu."

Bosibori akaniletea habari hiyo ofisini. "Basi mwonyeshe," akasema. "Lakini chagua vizuri."

Chagua vizuri! Ananiambia mimi! Mimi ninayewacheka watu wa mji huu wakisukumana mlangoni kuona wachunga ng'ombe wa Kimarekani wakiangushana kutoka juu ya farasi. Mimi niliyeitangazia ofisi nzima kwamba filamu za Kihindi ni watu wa kuimba mvuani tu. (Ningewaonyesha watu wa kuimba mvuani, leo ningekuwa na mchumba.)

Nikachagua ile ya Chekoslovakia. Mnakumbuka nilivyowaandikia: mwana anaondoka kwenda kufanya kazi mbali, anamwacha mkewe na baba yake mzee. Mzee anaugua. Mke wa mwana anabaki kumtunza. Hakuna bastola. Hakuna kuimba. Kuna ng'ombe, theluji, na watu wawili wasiosema sana. Ubalozi ulinikopesha rili tatu ndani ya mikebe, nami nikazibeba mapajani kutoka Nairobi kana kwamba nimebeba mayai.

Ilikuwa na kasoro moja. Busu. Moja tu, stesheni ya treni, mwana anapoagana na mkewe. Nikaenda kwa Karim. Karim ana duka la vitambaa mjini na ndiye mwenye projekta, na kichwani havui kofia yake ya viua. Tukaitazama filamu wawili tu, na busu lilipofika nikasimamisha mashine.

"Hapa pananiua," nikamwambia.

Karim akavua kofia, akaivisha projekta. Giza totoro! Ilienea kwenye lenzi kama imeshonewa hapo. Tukafanya mazoezi mara tatu. Firimbi ya treni ikilia, kofia. Hesabu hadi saba. Toa kofia. Siku hiyo nilirudi nyumbani nikipiga mluzi.

Leo sasa. Saa nane mchana, ukumbini, kando ya soko la Daraja Mbili. Tumezipigilia misumari blanketi madirishani ili tupate giza. Joto! Karim ametundika kipande cha amerikani, kitambaa kikubwa cha pamba, ukutani kikashuka karibu kufika sakafuni. Nimepanga viti mwenyewe. Mbele katikati, Mzee Makori, na kando yake baba yangu, aliyetoka Kenyenya alfajiri. Kushoto wanawake: Bosibori, mama yake na shangazi wawili. Mama mkwe nilimsalimu kwa mbali, macho chini, bila kumpa mkono, kama inavyotakiwa. Nikajisifu moyoni: nani anasema mtu wa sinema hana adabu?

Baba alikuwa amevaa shati jeupe jipya. Nililinunua mimi, apendeze mbele ya wakwe. Joto lilipomzidi akavua koti akabaki na lile shati. (Likumbukeni hilo shati. Kwa nini sikununua la kahawia?)

Taa zikazimwa. Mimi nikasimama kando ya amerikani kuwatafsiria maandishi ya Kiingereza yaliyokuwa yakipita chini.

Mambo yakaanza vizuri ajabu. Ng'ombe wakatokea. Mzee Makori akainama mbele.

"Hiyo ng'ombe inatoa maziwa ngapi?"

"Haisemi, mzee."

"Inakaa ya maziwa mingi," baba yangu akasema.

"Lakini boma imeharibika," Mzee Makori akasema. "Huyo kijana ni mvivu."

Wakacheka! Wazee wawili, bega kwa bega, wanamsengenya Mcheki! Nikamwangalia Bosibori, naye akafunika mdomo.

Stesheni. Firimbi ikalia. Kofia! Giza. Nikahesabu hadi saba. Kofia ikatoka, na treni hiyo inaenda zake.

"Mbona giza?" Mzee Makori akauliza.

"Ni mashine, mzee. Inapumua kidogo."

Karim akanikonyeza. Kwangu mimi hatari ilikuwa imekwisha, na kichwa kikaanza kuvimba. Ndipo rili ya tatu ikawekwa, na mimi, badala ya kufunga mdomo na kukaa, nikapiga makofi mawili kama mwalimu.

"Sasa hapa ndipo penyewe," nikasema. "Angalieni sana hapa. Hapa ndipo mtajua kwa nini watu husafiri mbali kuona sinema."

Mnajua sehemu yenyewe. Niliwaandikia kurasa mbili juu yake. Mzee amelala, hawezi kujigeuza. Mke wa mwanawe anachemsha maji, anamketisha, anamvua shati, anamwosha mgongo polepole kwa kitambaa. Dakika nzima hakuna anayesema kitu. Mikono tu, na maji. Mara ya kwanza nilipoiona nililia mpaka mtu wa kiti cha pili akanipa leso yake.

Nyinyi si Wakisii, kwa hiyo niwaeleze nilichopaswa kukijua kuliko jina langu. Kwetu baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Mke wa mwana na baba mkwe hawagusani, hawataniani, hawaonani wakiwa nusu uchi hata kwa bahati mbaya. Ni haya na ni heshima, tunaiita chinsoni, na ikivunjwa hutoki kwa kusema samahani. Nimekulia ndani yake. Nilikuwa nimetoka kuitimiza kwa mama mkwe, saa mbili hazijapita!

Na bado ningeweza kupona. Nataka mlielewe hilo, maana ndilo linalonichoma. Wazee hawasomi Kiingereza, na katika kutafsiri sikuwa nimetaja nani ni nani wa nani. Tangu mwanzo walidhani yule mwanamke ni binti aliyerudi kwao kumtunza baba yake. Walikuwa wanamwonea huruma. Shangazi mmoja akasema, "Maskini, anamwosha baba yake." Ningesema "ndiyo, shangazi," ningeoa.

"Hapana, shangazi," nikasema, kwa sauti ya kutosha ukumbi mzima. "Si baba yake. Ni baba mkwe. Huyo ni mke wa mwanawe, yule aliyeondoka na treni."

Kimya.

Niliupenda ule ukimya, jamani. Nilidhani wameguswa.

Kisha nikasikia kiti. Baba yangu alikuwa ameinuka. Alitaka tu kutoka. Mlango ulikuwa upande wangu, kwa hiyo akapita mbele ya amerikani, taratibu, akipapasa gizani, katikati kabisa ya mwanga wa projekta. Na picha yote, badala ya kukaa ukutani, ikahamia kwenye shati lake jeupe.

Mikono ya yule mwanamke ikaanza kumwosha baba yangu mgongo.

Mama Bosibori akapiga ukemi. Baba akashtuka, akasimama palepale kutazama kuna nini, akageuka. Ikawa sasa mikono inamwosha kifua. Akainua mikono kujikinga mwanga machoni, na hapo ikaonekana kana kwamba anainua makwapa yaoshwe!

"Kofia!" nikapaza sauti. "Karim, kofia!"

Karim hakusikia. Karim alikuwa analia. Alikuwa ameishika ile kofia kwa mikono yote miwili na kujifutia nayo machozi, mtu ambaye ameiona filamu hiyo mara moja kabla ya leo, na anasimama karibu na mashine hivi! Nikamrukia baba nimwondoe, na mimi nikaingia katika mwanga, ikawa tunaoshwa wote wawili.

Nikamwona Bosibori. Alikuwa amefunika uso wote kwa leso, siyo mdomo tu. Akainuka, akapita pembeni kabisa ya ukuta asije akamkaribia baba yangu, akatoka. Nilitamani ardhi ipasuke. Haikupasuka.

Nje jua lilikuwa kali. Wauza ndizi wa Daraja Mbili walikuwa wamesimama kusikiliza, wengine na mizigo kichwani. Mzee Makori alinikuta ukutani. Nilingoja aning'akie. Hakuning'akia. Ingekuwa afadhali.

"Kijana," akasema. "Ile ingine ulifunika na kofia, ilikuwa nini?"

(Kumbe alijua! Mashine inapumua!)

"Kubusiana tu, mzee."

"Nani na nani?"

"Yule kijana na bibi yake."

"Bibi yake mwenyewe? Wa ndoa?"

"Ndiyo, mzee."

Akalifikiria jambo hilo, mikono nyuma.

"Hiyo ungeacha," akasema.

Nikaanza kumweleza. Nikamwambia kwamba kule kwao ni huruma, kwamba mzee alikuwa hana mtu mwingine. Akanisikiliza mpaka mwisho, sitamnyima haki yake. Kisha akasema kwamba hana ugomvi na Wazungu wa kule, kila watu na kwao. Ugomvi wake ni na mtu aliyekaa akachagua, katika picha zote za dunia, hiyo, akawaita wazazi waje waione pamoja na msichana. Mambo ya mbuzi wa kuchinjwa ili kusafisha chinsoni iliyovunjwa wataongea wazee. Yeye kama yeye, anarudi Itumbe.

Hata hapo nilikuwa na tumaini. Mbuzi hupatikana. Nikamtafuta baba. Alikuwa nyuma ya ukumbi, amevaa koti lake na amefunga vifungo vyote, kwa jua lile.

"Tata, tutawatuma wazee," nikamwambia. "Itasafishwa."

"Itasafishwa," akasema. Hakuniangalia. "Lakini huyo msichana akija nyumbani, siku moja ataniletea maji ya kunawa. Si ndiyo kazi ya bibi ya mtoto? Nitaangalia wapi? Na yeye ataangalia wapi?"

Nikainama nikajifanya nafuta vumbi viatuni.

"Tafuta mwingine," akasema. "Mzuri kama huyo. Na usinialike."

Nikakimbia hadi barabarani. Walikuwa wanapanda gari la majani chai lililokuwa likirudi Itumbe. Bosibori alikuwa wa mwisho. Nikamwita, akageuka, macho mekundu. Nilidhani atanitukana. Aliuliza tu:

"Hiyo filamu umeiona mara ngapi?"

"Mara nne. Leo ya tano."

"Na mara zote nne hukumwona baba yako pale?"

Sikumwona, jamani. Niliona mwanga wa dirishani. Niliona mvuke wa maji na jinsi kamera isivyotikisika. Niliwaandikia kurasa mbili. Sikumwona baba yangu hata kidogo, wala sikumwona yeye. Nilisimama pale na maelezo yangu yote, na gari likaondoka.

Nikarudi ukumbini kung'oa blanketi. Karim alikuwa ameketi peke yake kati ya vile viti, projekta bado inanguruma. Alikuwa ameiacha rili iendelee mpaka mwisho.

"Mzee amekufa," akaniambia, huku anapenga kamasi. "Yule kijana amerudi amechelewa."

"Najua," nikasema.

"Filamu nzuri sana hii, Ogeto."

Nzuri sana. Hilo ndilo linalonikata maini. Kama ingekuwa mbaya ningeilaumu yenyewe.

Rili nitazirudisha ubalozini wiki ijayo. Waliniuliza kwenye fomu watazamaji waliipokeaje. Nimekaa na hiyo fomu tangu jioni, na nafasi waliyoniachia ni mstari mmoja.

Basi nawaomba, msinicheke. Na ikiwashinda kabisa, tafadhali, vueni kofia, zibeni midomo, na mhesabu zaidi ya saba.