Saa Iliyomchongea Bwana Dakika

Katika mji mzima palikuwa na vitu viwili tu vilivyojua wakati: jua, na mkono wa kushoto wa Bwana Dakika. Na ikitokea vitu hivyo viwili vimetofautiana, basi jua ndilo lililochelewa!

Maneno hayo hayakusemwa na wapambe. Aliyasema mwenyewe, tena kwa sauti ya mtu anayesoma hati ya serikali.

Bwana Dakika alikuwa karani mwandamizi wa masjala, yaani chumba kile cha chini ambamo majalada yote ya ofisi hupangwa, hutafutwa na, zaidi ya yote, hupotea. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limekwisha kusahauliwa hata na mlipa mishahara. Hapo zamani masjala ilikuwa na saa ya ukutani. Lakini siku ilipothubutu kutofautiana na ya kwake kwa dakika tatu, aliamuru ishushwe. Ikatiwa kabatini, nyuma ya majalada ya watumishi waliofariki. Tangu hapo, aliyetaka kujua wakati alimwendea yeye.

"Bwana Dakika, saa ngapi?"

Hakujibu upesi. Alinyoosha mkono, akavuta shati nyuma kwa vidole viwili kama anayefunua pazia la mfalme, kisha akakohoa.

"Kwa Belforti yangu ni saa tano na dakika kumi na saba. Kwa saa zenu, sijui."

Belforti hiyo, nyembamba, ya fedha, yenye kovu dogo karibu na tarakimu ya tisa, alivishwa na baba mkwe wake siku ya harusi. Kwa miaka kumi na miwili haikuwahi kusimama hata mara moja.

"Saa humtambua mvaaji wake," alizoea kueleza. "Hii imeona iko kwa mtu wa mpango, ikaona haya kusimama!"

Basi ikatokea kwamba Mkuu wa Masjala alistaafu, na kiti chake kikawa wazi. Hakikuwa kiti cha mchezo! Kilikuwa na mikono miwili ya kuegemea, kilizunguka, na kilikaa katika chumba chenye mlango wake. Bwana Dakika alikuwa amekitamani kiti hicho tangu nywele zake zikiwa nyeusi zote. Sasa zilikuwa zimegawana kichwa nusu kwa nusu, naye alijua kwamba nafasi nyingine haitapatikana kabla hajastaafu yeye mwenyewe.

Walioomba walikuwa wawili: yeye, na Bi Majalada.

Bi Majalada alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye saa ya plastiki ya rangi ya manjano ambayo mkanda wake ulikatika zamani ukaunganishwa kwa uzi. Yeye ndiye aliyepanda ngazi, akainama chini ya rafu, akapiga chafya kwa vumbi, akarudi na kilichotakiwa. Bwana Dakika alisimamia. Jalada likitafutwa, alielekeza kwa kidevu.

"Lile pale, nyuma ya lile jingine."

"Lipi, kaka? Yako mia tatu!"

"Utaliona tu. Jalada humjua anayelitafuta."

Wito wa usaili ulikuja: Alhamisi, mbele ya Mkurugenzi. Bi Majalada saa tatu na nusu, Bwana Dakika saa nne kamili.

Mwingine angeanza kujisomea kanuni za masjala. Bwana Dakika alifikiri mbali zaidi. Mwezi uliotangulia, katika mkutano wa watumishi wote, alikuwa ameuona mkono wa Mkurugenzi. Juu yake palikaa Montaluni! Saa nene, ya rangi ya dhahabu, pana kama kisosi, inayomemetuka hata mtu akizima taa. Siku ile Bwana Dakika aliitazama Belforti yake, na kwa mara ya kwanza akaiona kama kifungo cha shati.

"Wakubwa hutambuana kwa mikono," alijiambia. "Nikiingia na Montaluni, Mkurugenzi hataniuliza maswali. Ataniuliza nitaanza lini!"

Jumatatu, baada ya kazi, akaenda kwa Fundi Lenzi.

Fundi huyo ndiye pekee mjini aliyeuza, kununua na kubadilishana saa za watu wazito. Aliitwa hivyo kwa sababu ya lenzi aliyoibana jichoni, ambayo watu walisema alizaliwa nayo. Aliipokea Belforti, akaifungua mgongo, akaichungulia kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu.

"Mzee wangu, una hakika unataka kuiacha hii?"

"Nimeichoka. Nionyeshe Montaluni."

"Ninayo moja. Imeletwa juma lililopita na bwana mmoja mkubwa sana. Alisema inamkosesha amani, akaniomba nimtafutie saa tulivu." Fundi alijikuna shingo. "Tubadilishane sawasawa, hii kwa hii. Sitaki nyongeza."

Bwana Dakika alifurahi kimoyomoyo. Kumbe alikuwa na kipaji cha biashara, na dunia haikujua! Hakujiuliza kwa nini fundi alikuwa amekwisha kuifunga Belforti ndani ya kitambaa laini na kuitia kwenye droo ya chini kabisa.

"Ila nikuelekeze jambo moja," fundi alisema. "Saa hii haitiwi ufunguo. Inapata nguvu kwa..."

"Kijana!" Bwana Dakika aliinua kiganja. "Mimi nimevaa saa tangu hujajua kufunga kamba za viatu. Utanifundisha mimi saa?"

Fundi akamvisha saa. Mteja aliyefurahi hasahihishwi.

Nyumbani, mkewe alikuwa akikunja nguo. Aliona mwanga ukiingia mlangoni, kisha mkono, kisha mumewe.

"Baba watoto, umevaa nini hicho?"

"Montaluni, mke wangu! Ndiyo saa ya Mkurugenzi!"

"Na ya baba iko wapi?"

"Nimeibadilisha. Ilikuwa saa nzuri, lakini kwa mtu wa chini."

Mkewe aliendelea kukunja shati lilelile mara tatu.

"Na hii," aliuliza polepole, "inatiwa ufunguo asubuhi?"

"Ufunguo wa nini? Saa yangu imewahi kutiwa ufunguo lini?"

Mkewe alimtazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mtoto anayedai kwamba chakula huja mezani chenyewe.

"Haya, mume wangu. Hongera."

Kuanzia jioni hiyo mkono wa kushoto wa Bwana Dakika ulistaafu rasmi. Usingizini uliwekewa mto wake peke yake. Njiani aliubeba kifuani, kama aliyetoka hospitali kufungwa bandeji, na watu wawili wakampa pole. Ofisini aliutandikia leso juu ya meza, akaulaza hapo, saa ikitazama mlango ili kila aingiaye aanze kuisalimu hiyo.

Jumanne Bi Majalada aliingia amekumbatia majalada hadi kidevuni.

"Kaka, nishikie haya ya juu, yanadondoka!"

"Huoni? Mkono huu una wageni."

Yakadondoka. Akayaokota peke yake, huku Bwana Dakika akimsaidia kwa kuhesabu.

Jumatano hivyohivyo. Alisaini kwa kulia, alikunywa chai kwa kulia, alijikuna hata bega la kulia kwa mkono huohuo wa kulia, jambo ambalo si rahisi!

Alhamisi akafika mapema, amevaa suti ya harusi ambayo ilikuwa bado inamtosha mradi asivute pumzi. Akakaa, akaulaza mkono juu ya leso, akaitazama Montaluni. Saa mbili na nusu. Akaagiza chai.

Akainywa chai yote, akaitazama tena. Saa mbili na nusu.

"Saa ya mkubwa haina papara," alisema kwa kuridhika, akaagiza chai ya pili.

Bi Majalada alikuja kuaga. "Kaka, mimi napanda, zamu yangu imefika."

"Umewahi mno, dada. Saa moja nzima! Lakini hiyo plastiki yako ndiyo ilivyo. Nenda ukakae kwenye benchi."

Bi Majalada akapanda. Baada ya muda akashuka, jasho likimtoka puani.

"Nimemaliza! Lo, ameniuliza mpaka rangi za majalada!"

"Umemaliza nini?" Bwana Dakika aliitazama saa. "Dada yangu, usaili wako haujaanza!"

"Kaka, wewe mzima?"

Simu ya mezani ikalia. Alikuwa katibu muhtasi wa Mkurugenzi. "Bwana Dakika, Mkurugenzi anauliza, unakuja au huji?"

"Mwambie atulie, mama. Bado mapema."

Upande wa pili sauti ikasema, neno moja baada ya jingine: "Ni saa tano kasorobo."

Bwana Dakika aliishusha simu, akaisogeza Montaluni sikioni. Kimya! Kimya cha kaburi lililopakwa dhahabu!

Alipanda ngazi za ghorofa tatu kwa kasi ambayo suti haikuitarajia. Ghorofa ya pili kifungo cha tumbo kiliaga. Aliingia kwa Mkurugenzi akihema, nywele nyeupe zimechanganyika na nyeusi.

Mkurugenzi, mtu mnene mpole, alimwonyesha kiti, huku katibu muhtasi akiandika pembeni.

"Tulidhani umeghairi. Wewe si ndiye yule anayeitwa Bwana Dakika?"

"Ndimi, mheshimiwa. Nisamehe! Nimezidiwa na kazi." Alipata pumzi, na pamoja na pumzi akapata ujasiri. "Masjala yote iko juu yangu. Mikono hii haijatulia tangu Jumatatu! Napanda, nashuka, nabeba, napanga. Mimi si mtu wa kuelekeza tu, mheshimiwa."

"Mikono yote miwili?"

"Huu wa kushoto ndio hasa!" Akauweka mezani kwa kishindo kidogo, ili Montaluni isalimiane na mwenye meza. "Hata saa hii sijaivua tangu Jumatatu, wala usingizini."

Mkurugenzi aliinama akaitazama kwa karibu. Uso wake ukafunguka.

"Ajabu! Hii ilikuwa yangu. Mkwaruzo huu niliupata kwenye mlango wa gari."

Ndipo Bwana Dakika alipouona mkono wa Mkurugenzi. Juu yake palikuwa na saa nyembamba, ya fedha, yenye kovu dogo karibu na tarakimu ya tisa.

"Na... na hiyo ilikuwa yangu!" Maneno yalimponyoka.

"Kumbe ni wewe!" Mkurugenzi aliangua kicheko. "Nilishangaa ni nani aliyeachana na saa kama hii. Basi nikuambie kwa nini nami niliachana na hiyo. Haina ufunguo. Huishi kwa mkono unaotembea: ukifanya kazi, nayo inakwenda, ukikaa, nayo inakaa. Nilipokuwa fundi wa mitambo haikusimama hata siku moja. Tangu nipewe dereva, na mtu wa kunifungulia mlango, na mama huyu wa kuniandikia barua, ikawa inasimama kila juma. Ilinisuta, bwana! Kila aliyekuja hapa aliona kwamba sifanyi kitu."

Akaitazama tena Montaluni juu ya meza.

"Sasa hii imesimama kwenye saa mbili na nusu."

"Ndiyo, mheshimiwa," sauti ya Bwana Dakika ilitoka chini ya tai.

"Na hujaivua tangu Jumatatu."

"Sijaivua, mheshimiwa."

"Na mkono huu ndio hasa haujatulia."

Katibu muhtasi aliacha kuandika, akajifanya anatafuta kitu chini ya meza. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

"Swali moja la mwisho," alisema Mkurugenzi, kwa upole ulioumiza kuliko ukali. "Hii Belforti, wewe ulikuwa unaitia ufunguo wakati gani? Mimi jana nilisahau, ikasimama."

"Hiyo haitiwi ufunguo, mheshimiwa. Nimeivaa miaka kumi na miwili, haijasimama."

Mkurugenzi alimtazama, kisha akaitazama pete ya ndoa kidoleni mwa mgeni wake.

"Umeoa mke mwema, Bwana Dakika," alisema. "Unaweza kwenda."

Jioni hiyo Bwana Dakika aliketi ukingoni mwa kitanda, suti imefunguka.

"Mama watoto. Ile saa ya baba, ilikuwa inatiwa ufunguo?"

"Kila asubuhi, ukiwa unaoga. Baba alinionyesha: mizunguko ishirini, polepole."

"Miaka kumi na miwili! Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unasema saa inakuonea haya. Nikaona nisikuharibie." Akaketi kando yake. "Sasa iko wapi?"

"Mkononi mwa Mkurugenzi."

Mkewe alifikiri kidogo. Hakukasirika, midomo yake ndiyo iliyoanza kumsaliti.

"Basi si haba, baba watoto. Katika nyumba hii, mmoja wetu amepandishwa cheo."

Jumatatu iliyofuata Bi Majalada aliingia katika chumba chenye mlango, akakaa kwenye kiti kinachozunguka. Amri yake ya kwanza ilikuwa kuitoa saa ya ukutani kabatini. Aliipangusa vumbi, akaitundika juu ya meza ya Bwana Dakika.

Tangu hapo hajamgombeza hata mara moja. Hana haja. Kila siku, saa kumi kasoro dakika tano, hutoka chumbani mwake, akasimama mbele ya meza, akaitazama saa ya ukutani, kisha akaitazama Montaluni.

Zikilingana, husema, "Ahsante, kaka, kesho." Zisipolingana, hasemi neno. Humwonyesha ngazi ya rafu, kwa kidevu.