Waya wa Pili wa Mama Kabedi

Redio ilitangaza, na Mama Kabedi alisikia mwenyewe huku akigeuza mikate kwenye mafuta: nyumba za mtaa wa Kasulo zenye mashimo ya kobalti zitabomolewa na wenyewe wafukuzwe. Isiyo na shimo itabaki. Ukaguzi utafanywa kwa video, kwa sababu mkaguzi wa mwisho aliyekuja kwa miguu alitumbukia sebuleni kwa mtu. Tena kwa kompyuta tu, maana simu zote za Kasulo zina vioo vilivyopasuka.

Leo ilikuwa zamu yake. Na chini ya zulia lake la plastiki kulikuwa na shimo, na ndani ya shimo kulikuwa na wachimbaji. Wazee wa benchi la barazani kwake walijua, lakini nani aseme? Kila mmoja wao alikuwa na zulia lake.

Utotoni Mama Kabedi alikwisha kufukuzwa mji huuhuu, akapakiwa kwenye treni na wazazi wake kwa sababu tu baba yake asili yake ni mkoa wa Kasai. Wakarudi, wakaanza upya. Safari hii aliogopa sana, na hofu ilimfanya awe mkali kwa kila mtu.

"Inakufa tena!" akafoka. Kompyuta kuukuu aliyoachiwa na mwanawe, betri yake ilishakata roho zamani. Iliishi kwa waya tu, na hata kwa waya iliwaka, ikazimika. Kisanduku cha Wi-Fi juu ya kabati nacho kilikonyeza taa nyekundu.

"Ni réseau," akasema Omer wa benchini, aitwaye Antenne, ambaye kila kasoro huiita ya mtandao. Akaibeba kompyuta kichwani, akatoka nayo nje. Waya ukachomoka, kioo kikawa giza. "Munaona? Réseau imekimbia!"

"We Antenne, umeng'oa chargeur!" Huyo ni Kisimba, aitwaye Voltage. Aliwahi kufagia ofisi ya mafundi umeme, na tangu siku hiyo hakuna balbu iliyomshinda, ila zile alizounguza.

Tata Mukuna, aitwaye Ministre, yaani Waziri, kwa sababu ya koti lake, akakohoa. "Batu ba kule juu baliniambia: mashine ikizeeka, Wi-Fi inasikia haya kuingia. Inaheshimu bakubwa."

"Basi we Wi-Fi haiwezi kukugusa hata kidogo," akasema Voltage. Akainama kwenye soketi ya umeme ukutani. "Mama, courant iko kidogo. Kuko kitu ingine inakula courant mu hii nyumba."

Benchi zima likageukia vikombe vya chai.

"Hakuna. Iko balbu tu," akasema Mama Kabedi.

"Na hii waya ya pili inaenda wapi?"

"Ku frigo."

"Frigo iko wapi?"

"Niliuzisha. Waya tu njo ilibakia."

Voltage aliufuata waya kwa macho: nyuma ya kiti, chini ya zulia. Akarudi benchini. Ministre akaanza kusifu mawingu.

Kompyuta ikarudishwa kwenye waya wake, na saa ya ukaguzi ikafika. Mama Kabedi alijua waya ule unazungusha feni ya kupeleka hewa kwa watu wa chini. Roho ikamuuma. Kidogo tu, akajiambia, watavumilia. Akauchomoa.

Kompyuta ikawaka yote. Taa ya Wi-Fi ikawa kijani. Kwenye kioo akatokea Tata Nkulu, mkaguzi, na tai shingoni.

"Mama, bonjour. Kuko shimo apo?"

"Shimo? Tata, hata panya ya hapa inalala juu ya kitanda!"

"Onyesha chini."

Akaigeuza kompyuta. Zulia lilikuwa limetulia vizuri kabisa. Kisha likainuka katikati.

Kikatoka kichwa chenye vumbi hadi kwenye kope. "Mama! Ventilateur imezima! Tunakufa uku!"

Nyuma yake wakapanda wengine, wakihema. Mama Kabedi akaishika kompyuta kwa nguvu. Aliiona treni ile tena, na mabegi, na mama yake akilia.

Mwenye vumbi akafuta uso, akakodolea kioo macho.

"Yaya Nkulu! Ni we? Ni mi, Kabemba, mudogo wako! Pompe yenye ulituahidi iko wapi? Maji imejaa kule chini!"

Wazee wakachungulia mlangoni. Picha ya mkaguzi ilikuwa safi mno, hata jasho la puani lilionekana. Tata Nkulu akaipiga mashine yake kwa kiganja.

"Allô? Allô? Mama Kabedi, réseau iko mubaya sana. Mi siko naona kitu. Naandika: nyumba iko muzuri, haina shimo."

Akapotea.

Mama Kabedi akaurudisha waya wa feni kwanza, kisha akakaa sakafuni, akicheka na kulia. Antenne akaruka juu ya benchi, mikono hewani.

"Mi nilisema nini toka asubuhi? Ni réseau!"